Kifungashio Si Mfuko

Tangu Juni 1, 2019, Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, mnunuzi wa Dar es Salaam amekuwa mlinzi wa mazingira asiye na mfano. Kila aendapo sokoni hununua mfuko mbadala mpya. Mingine 30 ameikunja nyuma ya mlango wa jikoni, ipumzike.

Wenye husda husema mifuko hiyo ni polipropilini, yaani plastiki vilevile. Lakini hii ina mishikio! Na mingine ni ya kijani, kama msitu.

Kikapu cha ukili, ambacho bibi alibebea samaki na nazi miaka nenda miaka rudi bila semina, nacho kimepewa heshima yake: kimetundikwa ukutani sebuleni, kisichafuke.

Wakenya walitangulia Agosti 2017, kwa faini inayofika shilingi milioni 4. Mapenzi ya mazingira, kama mahari, hutajiwa bei.

Nyanya, naam, hutiwa kwanza kwenye kifungashio chembamba kama ganda la kitunguu, ndipo ziingie kwenye mfuko mbadala. Hicho si mfuko. Ni kifungashio. Hata mtaro, ukiziba masika, hujua tofauti.