Jinsi ya Kufuma Mnyororo wa Platini

Plastiki tuliyoizoea haipitishi umeme. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger walionyesha kwamba poliasetilini iliyotiwa iodini huupitisha, na mwaka 2000 wakapewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Miaka hiyohiyo ya sabini, Hagihara na wenzake huko Osaka walikuwa wakiingiza platini ndani ya minyororo ya kaboni. Ukitaka kufuata nyayo zao, kaza mkanda.

Kwanza, chagua wenzi. Mmoja ni platini iliyobeba klorini mbili na fosfini mbili zenye mikia ya butili. Hakikisha klorini zinatazamana. Zikikaa ubavu kwa ubavu, mnyororo utapinda. Mikia nayo iheshimu, kwani ndiyo inayoifanya polima, yaani mnyororo wenyewe, iyeyuke katika kiyeyushi. Mwenzi wa pili ni dietinilibenzini, yenye asetilini kila ncha.

Pili, pima, wala si kwa jicho, hata kama jicho lako linasifiwa mtaa mzima. Gramu 0.671 za platini hiyo zinataka gramu 0.126 tu za mwenzake, maana kinacholingana ni idadi ya molekuli, si uzito. Ni kama watu wanaoshikana mikono kwa zamu: upande mmoja ukizidi, kila ncha inabaki na mkono usio na wa kuushika. Upungufu wa asilimia 10 hukuachia wastani wa molekuli 19 kwa mnyororo, hata ukoroge mpaka Idi. Wa asilimia 1 hukufikisha karibu 200.

Tatu, fukuza hewa kwa naitrojeni. Tia iodidi ya shaba kidogo iwe kichocheo, pamoja na dietilamini ya kunyonya asidi inayotoka. Oksijeni ikipenya, shaba itaunganisha asetilini kwa asetilini, platini iachwe nje, na vipimo vyako vyote viharibike.

Nne, mimina mchanganyiko kwenye methanoli. Polima itatuama, wewe uioshe.

Tano, ifurahie. Katika polima isiyo na metali inayopitishiwa umeme ili itoe mwanga, sehemu kubwa ya nishati hunasa katika hali isiyotoa mwanga. Atomu nzito ya platini huifungulia njia, ikang'aa, hasa kwenye baridi kali. Ndiyo maana kazi hii inastahili jasho lako.

Mnyororo ukitoka mfupi, usikimbilie kulaumu kichocheo. Anza na mizani.