Hongera kwa Msimu wa Kutofungwa

Kwa Serikali ya Kaunti ya Nakuru, wasimamizi wa michezo. Nakala kwa Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya (KBF).

Waheshimiwa,

Pokeeni pongezi, ingawa zimechelewa. Katika msimu wa mpira wa vikapu wa 2024 na 2025, klabu zenye majina makubwa nchini zilionja kichapo. KPA ya Mombasa, klabu ya mamlaka ya bandari, ilifungwa. Ulinzi Warriors walifungwa, na wao ni wanajeshi. Hata Nairobi City Thunder, klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kwa BAL, ile ligi ya mabingwa wa Afrika iliyoanzishwa na NBA pamoja na FIBA, ilikwenda Kigali Mei 2025 ikarudi bila kuvuka kundi lake. Nakuru haikufungwa hata pointi moja. Siri ya rekodi hii ni nyepesi: jiji halina timu ya kulipwa ya mpira wa vikapu, halina ukumbi wa kuichezea, na asiyeingia uwanjani hafungwi. Nimeona ni utovu wa adabu kuacha mafanikio ya kudumu kiasi hiki yapite bila kuandikiwa barua.

Najua kuna watakaosema timu huanza na wachezaji, na kwamba wachezaji wakipatikana mengine yatafuata. Msimu wa Thunder unasema vingine. Ulikuwa mfululizo wa tarehe na kumbi: Oktoba 2024 Dar es Salaam, Novemba Kasarani, Mei Kigali. Ondoeni paa na kalenda, mtabaki na vijana warefu wanaorusha mpira jioni. Rwanda walilielewa hili mapema. Ukumbi wao wa Kigali wenye viti 10,000 ulifunguliwa 2019, na BAL ilipoanza Mei 2021 haikuwa na haja ya kuuliza njia. Sisi tuliandaa mashindano ya mataifa ya Afrika jijini Nairobi mwaka 1993, kisha timu ya taifa ikakaa miaka 28 kabla ya kuyacheza tena. Ilipoyarudia, mwaka 2021, ilikuwa ni huko huko Kigali. Sidai kwamba vipaji viliisha katika miaka hiyo 28. Vilikuwepo, vikinyeshewa.

Neno hilo la mwisho lichukueni kama lilivyo. Uwanja wa kawaida wa kikapu katika shule na mitaa yetu ni sakafu ya saruji iliyopasuka, ubao uliovimba kwa maji, na ringi iliyoinama mbele kwa sababu kila kizazi cha wanafunzi kimewahi kuning'inia juu yake. Nyavu zilitoweka zamani. Mvua ya alasiri ikishuka kutoka Menengai, saruji huteleza kama sabuni na mechi huisha robo ya pili, matokeo yakiamuliwa na mawingu. Hakuna shirikisho linaloweza kupanga ligi kuu juu ya sakafu ya namna hiyo, wala mfadhili wa kuweka jina lake kifuani mwa mchezaji anayekimbilia kibarazani kila wingu likikusanyika.

Sasa tazameni ramani, kwa maana hapo ndipo mafanikio yenu yanapong'aa zaidi. Nakuru iko kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, na Eldoret ni karibu umbali huo huo mbele. Eldonets, klabu ya Eldoret, ikiwa na mechi katika ukumbi wa Nyayo jijini Nairobi, hushuka Timboroa, ikapita Mau Summit na Salgaa, ikakatiza jiji lenu, ikaendelea hadi Gilgil na Naivasha. Klabu za mbali mara nyingi hucheza Jumamosi na Jumapili mfululizo ili kuokoa nauli na malazi, kisha hurudi kwa njia ile ile usiku, watu wakiwahi kazi na masomo ya Jumatatu. Klabu ya Kisumu nayo ikielekea mji mkuu inaweza kupita papo hapo. Kwa hiyo mchango wa jiji la nne la Kenya katika ligi kuu ya taifa ni mahali pa kunywa chai na kuchimba dawa. Kikopey, kituo cha njiani, kwa nyama choma yake, imeitumikia michezo ya nchi hii kuliko idara nzima.

Mtajibu, na ni jibu zito, kwamba wananchi wanataka maji, dawa hospitalini na barabara kabla ya vikapu. Sibishani na mgonjwa anayesubiri dawa. Lakini Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaweka vifaa vya michezo na utamaduni mikononi mwa kaunti, kwenye orodha ile ile yenye zahanati. Halisemi michezo ianze dawa zikishatosha. Tena hakuna anayewaomba mlipe mishahara ya wachezaji. Ligi ya Kenya kwa miaka mingi imebebwa na waajiri: bandari, jeshi, benki, vyuo vikuu, na siku hizi wawekezaji binafsi kama wale wa Thunder. Waajiri wako hata kwenu. Egerton iko Njoro, mashamba ya maua yamezunguka ziwa Naivasha, na mvuke wa Olkaria, ndani ya kaunti yenu, huingia katika gridi ya taifa na kusaidia kuwasha taa za Nyayo. Tunawazalishia Nairobi stima ya kuchezea, kisha tunasoma matokeo gazetini. Mwajiri hawezi kuanzisha timu mahali ambapo timu haina pa kukaribisha wageni. Paa ndilo sehemu ya kazi ambayo haiwezi kufanywa na mwingine.

Wapo pia wazee wa hekima wanaosema Bonde la Ufa ni nchi ya riadha, na kwamba mpira wa vikapu ni mchezo wa watoto wa shule za Nairobi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama Eldoret isingekuwepo. Mji huo umezungukwa na mabingwa wa mbio kuliko Nakuru itakavyowahi kuzungukwa, na bado una klabu iliyosafiri hadi ligi kuu. Anayeona mbio zinazuia vikapu aeleze kwa nini hazikuizuia Eldoret na zimeizuia Nakuru.

Kuhusu mashabiki, nawaonea huruma wanaodai hawatapatikana. Tangu Safari Rally irudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, watu wa kaunti hii wamekuwa wakisimama kutwa nzima katika vumbi la Naivasha na Elmenteita ili waone gari likipita kwa sekunde chache na kuwaachia mchanga mdomoni. Watu wa aina hiyo wanaweza kuvumilia dakika 40 wakiwa wameketi. Raga pia imetoa ushahidi wake: Nakuru RFC, Wanyore wenyewe, walitwaa Kenya Cup mwaka 2013 na 2014, kwa sababu walikuwa na uwanja wao, na ratiba iliyowajua. Uwanja wa Afraha, kwa upande wake, umethibitisha kwamba mji unajua kujaza viti. Ulijaa Desemba 2012 Uhuru Kenyatta na William Ruto walipotangaza muungano wao, ukajaa tena Aprili 2016 walipokuja kumshukuru Mungu kwa kumalizika kwa kesi zao za Hague. Pale tulipoonyeshwa mchezo, tulikuja.

Pingamizi linalobaki ndilo ninaloliheshimu: kwamba hata waliowekeza wameishia kufungwa Kigali, kwa hiyo kuna faida gani? Thunder walicheza mechi sita katika kundi lao la BAL, dhidi ya klabu za Rwanda, Libya na Afrika Kusini. Al Ahli Tripoli, waliokuwa kundini mwao, ndio waliochukua kombe Juni 2025. Kufungwa na bingwa wa bara kunafundisha jambo ambalo kushinda kwa kutokuwepo hakufundishi, na mwaka unaofuata kocha anajua pa kuanzia. Rekodi yenu safi, waheshimiwa, haina cha kusahihishwa, na hiyo ndiyo kasoro yake.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, na nimelipunguza makusudi ili lisigeuke kuwa zabuni. Msijenge ukumbi wa viti 10,000. Uwanja wa kikapu una mita 28 kwa 15, nafasi ambayo magari ya waheshimiwa hujaza kwenye hafla moja. Ezekeni uwanja mmoja kwa mabati, wekeni sakafu isiyoteleza, benchi za watu elfu moja hivi, saa ya sekunde 24, na jenereta, kwa kuwa stima ya Olkaria haikumbuki kwao. Kisha andikieni KBF mkiomba wikendi mbili za ligi kuu kila msimu, ambapo klabu za Eldoret na Kisumu zitakutana na za Nairobi katikati ya safari. Nauli itapungua kwa upande mmoja, wageni watalala na kula mjini, na siku moja mwajiri fulani akiketi kwenye benchi zile atajiuliza kwa nini wenyeji pekee hawamo uwanjani. Barua hiyo haihitaji kamati wala safari ya mafunzo ng'ambo. Ikilazimu iwepo safari ya mafunzo, Eldoret ni saa tatu kwa matatu, na nauli tutawachangia.

Wenu katika rekodi safi,
Mlipa kodi wa Nakuru