Wajomba na Taa Nyekundu

Taa zinazopanda na kushuka kwenye uso wa sabufa zimepewa heshima ambayo hata mwenyekiti wa kamati ya harusi haipati. Pale Mbinga, malipo ya kahawa yakishatoka na sherehe zikaanza kufuatana, mwenye muziki hasikilizwi, anatazamwa. Taa zikiishia kwenye kijani, wajomba wa bwana harusi huona wamepunjwa. Zikigonga nyekundu roho zao hutulia, hata kama hotuba ya baba mzazi haijaeleweka tangu pale aliposema “ndugu wageni waalikwa”.

Taa zenyewe hazisemi uongo, ila zinajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Nyuma yake imekaa aisii ndogo: kwenye vyombo vya bei nafuu utakuta KA2284 au AN6884 za taa 5, na fundi anayejiundia mwenyewe huweza kuchagua LM3915 ya taa 10. Ndani ya hiyo LM3915 mna vilinganishi 10, kila kimoja kikisubiri umeme ufike kiwango chake ndipo kiwashe taa yake. Kati ya taa na taa pana desibeli 3, yaani nguvu mara mbili. Kutoka taa ya kwanza hadi ya kumi, basi, nguvu imeongezeka mara 512. Jicho linaona taa moja tu imezidi. Sikio nalo linasikia nyongeza kiduchu, maana hudai kama desibeli 10 kabla ya kukiri kwamba sauti imekuwa maradufu. Amplifaya peke yake ndiyo inayojua ukubwa wa deni. Mjomba anayedai taa ya kumi wakati ya tisa inawaka anaagiza sufuria la pili la pilau kwa ajili ya mgeni mmoja aliyechelewa.

Amplifaya ikielemewa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti, muziki ukaanza kukwaruza na twita zikaungua. Na kama aisii imeungwa kabla ya hatua ya mwisho ya amplifaya, haina habari yoyote ya kinachotokea kwenye spika. Waya wa spika ukatike, nyekundu itacheza vilevile, na ukumbi utaendelea kuusifu muziki uliokwisha kufa upande mzima wa kushoto.

Atatokea wa kusema kwamba hata watangazaji wa redio hutumia vipimo. Ni kweli, Marekani walikubaliana kipimo cha mshale cha VU mwaka 1939. Lakini sifuri ya mshale ule ilifungwa kwenye kiwango cha umeme kinachojulikana. Ya sabufa yetu inategemea kirekebishio kidogo kilichozungushwa na mtu aliyetaka kumfurahisha mnunuzi. Mwingine atasema taa ni pambo tu, tusimsumbue mwenye sabufa. Nakubali, mradi pambo lisipewe kazi ya ukaguzi. Huko chini ziwani, Mbamba Bay na Liuli, ngoma ya mganda, iliyotokana na kuiga bendi za kijeshi, hufika mbali bila taa hata moja, na hakuna aliyewahi kuuliza imefikia rangi gani.

Mwenye sabufa, mwambie fundi azungushe hicho kirekebishio ili taa ya mwisho iwake kabla amplifaya haijaanza kukwaruza. Ni kazi ya bisibisi. Wajomba wakikosa nyekundu ya kuwatosha, wanunulie taa za Krismasi. Ni rahisi kuliko spika.