Namna ya Kufanya Utafiti Morogoro Bila Kukimbiwa na Wenye Mashamba

Ukishuka stendi ya Msamvu na mabegi yako, usiulize kwanza chuo kiko wapi. Inua macho. Mlima ule unaousimamia mji ni Lupanga, mita 2,138 kutoka usawa wa bahari, na ndio msimamizi wako wa kwanza. Utakutoa jasho, utakunyeshea mvua wakati Kihonda jua linachoma, na kila swali ulilokuja nalo utalirudisha likiwa na alama nyekundu. Watu huita Morogoro mji kasoro bahari. Kwa mtafiti hata bahari imo: maji ya Mto Ruvu yanayonywewa Dar es Salaam huanzia katika milima hiyo ya Uluguru, kwa hiyo anayekata mti juu ya Kinole na anayefungua bomba Kimara wana kesi moja.

Baada ya kuusalimia mlima, nenda chuoni. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, kilianza rasmi tarehe 1 Julai 1984 na kikapewa jina la Edward Moringe Sokoine, Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani humo humo, tarehe 12 Aprili mwaka ule. Kwa sababu ya neno kilimo, shangazi yako atakuuliza kama umekwenda kusomea jembe. Mjibu kwa heshima: ndiyo shangazi, jembe, na anayelishika, na mdudu anayemlia ghala, na ugonjwa wa ng'ombe unaoweza kumwingia yeye, na ni nani atakayelirithi shamba. Akitaka historia, mpeleke Mazimbu. Pale chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifungua mwaka 1978 shule ya vijana waliokimbia ubaguzi wa rangi. Leo ni Kampasi ya Solomon Mahlangu, yenye jina la kijana aliyenyongwa na serikali ya makaburu mwaka 1979, na makaburi ya wapigania uhuru yapo pale pale. Mtu wa historia asiseme kwamba hana kazi kwenye chuo cha kilimo.

Hatua inayofuata: jifunze kwa panya. Ninamsema panya buku, yule mkubwa anayebeba chakula mashavuni. Shirika la APOPO, lililoanzia Ubelgiji, limekuwa likiwafunza hapo SUA tangu mwaka 2000. Ukiruhusiwa kutazama mafunzo, amka mapema, maana kazi hufanyika kabla ya joto. Panya huingizwa kwenye kizimba kirefu chenye matundu sakafuni, na chini ya kila tundu pana kikopo cha makohozi. Hunusa akapita, hunusa akapita. Akifika penye harufu ya kifua kikuu husimama, pua tunduni, kwa sekunde kadhaa. Mkufunzi hubonyeza kidude kinacholia, na panya hukimbilia ndizi yake iliyopondwa. Kwa dakika 20 anaweza kupitia sampuli 100. Wenzake waliofunzwa harufu ya baruti wamefanya kazi ya kugundua mabomu ya ardhini Msumbiji, Angola na Kambodia. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Morogoro, alipewa medali ya dhahabu na shirika la wanyama la PDSA la Uingereza mwaka 2020, panya wa kwanza kuipata.

Ukishamaliza kushangaa, chukua karatasi uandike ni nani na nani waliohitajika ili panya huyo ale ndizi yake. Utamwandika mtaalamu wa tabia za wanyama, daktari wa mifugo, mtu wa maabara ya vimelea, mtu wa takwimu, mganga wa zahanati aliyechukua makohozi, na mhudumu wa jamii anayemfuata mgonjwa nyumbani ili aanze dawa. Ondoa mmoja, panya anabaki na kipaji chake kizimbani. Karatasi hiyo ibandike juu ya meza yako.

Kisha kuna panya shamba, ambaye hapewi medali. Huyu hufukua mbegu ya mahindi usiku wa kwanza baada ya kupandwa. Watafiti wa SUA na wenzao wa Antwerp, Ubelgiji, wamekaa naye miongo kadhaa kwenye viwanja vya nje ya mji: mtego usioua, chambo cha siagi ya karanga na unga wa mahindi, panya ananaswa, anapimwa, anawekewa alama, anaachiwa, mwezi ujao ananaswa tena. Kwa uvumilivu huo walionyesha kuwa mvua za vuli zikinyesha mapema na nyingi, panya huzaa kabla ya msimu wao wa kawaida, na mwaka unaofuata mashamba hujaa. Makala ya mwaka 1997 iliyotokana na kazi hiyo ilitoka katika jarida la *Nature*. Watu wa virusi nao walipowachunguza panya hao walikuta kirusi ambacho sayansi inakiita kwa jina la Morogoro, ndugu wa kile cha homa ya Lassa, ambacho hakijajulikana kumdhuru binadamu. Mtego ni mmoja, ila swali la mkulima, la mtu wa hesabu na la daktari yote yamo ndani. Ukikuta mtego wa jirani umenasa kitu usichokijua, mwulize jirani. Usimwonee haya kwa sababu yeye ni profesa wa jengo la pili.

Sasa panda juu, Matombo, ukasome somo gumu kuliko yote. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mradi wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wataalamu waliona udongo unateremka na mito, na waliona sawasawa. Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi, kila kaya ichimbe kwa amri. Lakini kwenye miteremko mingi udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba tu. Ukichimba ngazi unaufukia na kuibua ule wa chini usiozaa. Watu walichimba, wakapanda, wakavuna kidogo kuliko zamani, wakaambiwa wachimbe tena. Julai 1955 ghasia zikalipuka Matombo, na mradi ukafa. Pale Mgeta, ambako watu walikuwa na mboga za kuuza na maji ya kumwagilia, matuta yalikubalika, na leo utayaona yamejaa kabichi na karoti.

Kaa na kisa hiki siku nzima kama unaweza. Mtu wa udongo peke yake angesema matuta hayakufaa. Mtu wa siasa peke yake angesema watu walichoka kutawaliwa. Wote wana ukweli, na hakuna aliyemaliza. Mtu wa masoko ndiye angeuliza kwa nini Mgeta ilikuwa tofauti, na mtu wa mila angeuliza swali ambalo mabwana shamba hawakuliuliza kabisa: shamba hili ni la nani?

Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mwanamume anaweza kulima maisha yake yote kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe, na neno la mjomba likawa zito kuliko lake. Kupanda mti wa kudumu kwenye shamba la kuazima huweza kuonekana kama kudai shamba. Kwa hiyo wewe wa misitu, uliyekuja na miche mia tano na hotuba ya mabadiliko ya tabianchi, kabla hujamshangaa baba anayekataa kupanda, mwulize kwanza mama yake mzazi alitoka ukoo gani na yeye mwenyewe amekaa kwa nani. Umuhimu wa miti hiyo hakuna anayeupinga. Uluguru ina ndege kama *Malaconotus alius*, asiyeishi popote pengine duniani, na msitu ukiisha naye amekwisha. Ila mche hauoti kwenye ugomvi.

Na wewe wa mbegu, chungu ndicho kamati yako ya mwisho. SUA imetoa aina kadhaa za maharage, kama SUA 90 ya mwaka 1990 na Rojo ya mwaka 1997. Mavuno yakipanda halafu punje zikakataa kuiva mpaka kuni ziishe, mama hatapanda mwaka wa pili, hata ukimletea grafu yenye rangi. Kaa jikoni, onja mchuzi, kisha uende Soko Kuu la Chifu Kingalu ukaone mnunuzi anaokota rangi gani.

Kuhusu dodoso: punguza. Mtu aliyetoka kulima tangu alfajiri hawezi kujibu kurasa kumi na nane akiwa amesimama na jembe begani. Pita kwanza kwa mtendaji wa kijiji na mwenyekiti wa kitongoji ukiwa na kibali chako, kisha uende kwa wazee. Sema shikamoo na uisubiri marahaba. Ukikaribishwa ukae, kaa. Kama unaongozana na mwenzako wa idara nyingine, ni vizuri zaidi, kwa sababu bibi ataulizwa mara moja maswali ya udongo, ya mbuzi, ya watoto na ya maji, badala ya kuamkiwa na wageni wanne kwa miezi minne.

Jiandae pia kuulizwa wewe. Swali la Uluguru ni moja, nalo huja kwa upole: "Mjukuu wangu, yule mwenzako wa mwaka juzi aliyechukua udongo wetu kwenye mifuko, aliona nini?" Udongo ule ulipimwa, tasnifu ikaandikwa kwa Kiingereza, ikakaa maktaba ya chuo chini ya mlima, na aliyeutoa udongo hakuambiwa kama aweke chokaa au samadi. Hilo ndilo deni kubwa la vyuo vyetu, na linalipika. Halihitaji mfadhili wa nje.

Ewe uliyemaliza tasnifu mwaka huu: andika kurasa mbili kwa Kiswahili, mpe mwenzako wa idara nyingine azikosoe, panda gari la Mgeta, mwombe mwenyekiti akupe nafasi kwenye mkutano wa kijiji, uzisome kwa sauti na ujibu maswali. Nenda kabla vuli haijaanza, watu wakiwa bado hawajaamua wapande nini.