Majibu ya Kipimo cha Mheshimiwa Mhusika

Kwako Mheshimiwa Mhusika,
Ofisi Husika,
Ghorofa ya Juu.

YAH: MAJIBU YA KIPIMO CHA UMEME WA UBONGO WA OFISI YAKO

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mheshimiwa, hatujawahi kuonana, ila nakusikia kila siku. Nikiomba gundi ya kubandikia waya, naambiwa ombi limepelekwa kwa Mhusika. Nikiuliza kada yangu iko wapi kwenye mfumo, najibiwa kwamba Mhusika analifanyia kazi. Mtu mwenye kazi nyingi kiasi hicho, na asiyeonekana hata kivuli, lazima apimwe kichwa. Kwa kuwa huna nafasi ya kufika kliniki, nimekupima kwa mbali, bure.

Nijitambulishe kwanza. Mimi ni mpima EEG, yaani umeme wa ubongo, katika kliniki ya wagonjwa wa nje wa mishipa ya fahamu, hapa Mbeya. Wagonjwa wananiita dokta, hati ya mshahara inaniita muuguzi, na mfumo hauniiti kabisa. Wagonjwa hao wanatoka Rungwe, Chunya na Mbozi, na wengine Iringa, zaidi ya kilomita 300 za lami kupitia Mafinga na Makambako. Huyu ananisalimia kamwene, yule ananiaga kwa ndaga, na karibu wote wanauliza: "Hii haitanipiga shoti?" Nawaeleza kwamba mashine haiingizi umeme kichwani, inasikiliza ule uliomo. Wazee wengine huniuliza kwa kunong'ona kama inaweza kuwaonyesha pia aliyemroga kijana wao.

Ujumbe wako ulipotutembelea, mmoja wao aliuliza kwa nini mashine ihitaji mtu wakati ina kitufe cha kuwashia. Kabla ya kitufe, Mheshimiwa, kuna futi kamba. Napima kutoka shina la pua hadi kigongo cha kisogo, halafu kutoka sikio hadi sikio. Nagawanya kwa asilimia 10 na 20, naweka alama, nasugua ngozi, nabandika vikombe 21 vya chuma. Utaratibu ni huohuo duniani kote, ili kichwa cha Ileje kisomeke sawasawa na cha London. Dada akija na rasta alizosukwa jana kutwa, tunaanza kwanza na mazungumzo ya amani.

Kinachotafutwa ni kidogo mno. Hans Berger, Mjerumani aliyenasa umeme wa ubongo wa binadamu kwa mara ya kwanza mjini Jena mwaka 1924, hakuthubutu kuutangaza hadi 1929. Umeme huo hupimwa kwa sehemu ya milioni moja ya volti. Mimi natakiwa kuunasa ndani ya chumba chenye nyaya za volti 230, feni inayolalamika na chaja ya simu ya nesi. Waya wa ardhi ukilegea, mashine huacha kuandika ubongo ikaanza kuandika ukuta: mawimbi 50 kwa sekunde, manene, yaliyopangika, ya kupendeza macho. Ujumbe wako uliyapiga picha na kutamka kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Sasa majibu yako.

Historia ya mgonjwa. Walioshuhudia wanaeleza kwamba ofisi yako huwa katikati ya mazungumzo, mara inanyamaza. Macho yako wazi lakini barua haijibiwi. Baadaye inaendelea pale ilipoishia kana kwamba hapakutokea kitu, na haikumbuki lolote. Kwa mtoto wa shule, dalili hizo zingenifanya nifikirie kifafa cha kuzubaa. Mwalimu anaweza kumchapa akidhani ni kiburi, kumbe ubongo wake umetoka hewani kwa sekunde chache. Watoto hao wanisamehe kwa kuwataja pamoja nawe. Wao hurudi baada ya sekunde hizo, na dawa yao ipo.

Uchochezi wa kwanza. Mgonjwa huambiwa avute na kutoa pumzi kwa nguvu kwa dakika tatu. Hapo kifafa cha kuzubaa mara nyingi hujifichua, kwa mawimbi matatu kila sekunde. Ofisi yako ilipumua kwa nguvu msimu mzima wa bajeti. Ilipofika Julai mosi, ikazubaa.

Uchochezi wa pili. Mgonjwa humulikwa macho kwa taa ya kumweka. Hapa matokeo yako yametia fora. Kamera zilipomweka siku ya kukata utepe wa mashine, shughuli ya ofisi yako ilipanda kuliko kichwa chochote nilichowahi kukipima. Kamera zilipozimwa, mstari ukalala.

Uchochezi wa tatu ni kuja bila kulala vizuri. Wagonjwa wa Iringa hawahitaji maelekezo, basi la usiku huwa limekwisha kuwaandaa. Wewe ulilala fofofo.

Tafsiri. Kila robo mwaka unataka nikuandikie nimepima vichwa vingapi. Hujawahi kuuliza wangapi wameacha kuanguka. Mheshimiwa, kupima si kutibu. Kwa karibu nusu ya wenye kifafa, kipimo cha kwanza hakionyeshi kasoro, kwa hiyo karatasi safi si cheti cha uzima. Kifafa hutambuliwa kwanza kwa kumsikiliza aliyekuwepo mtu alipoanguka. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei, alipoanzisha kliniki ya kifafa kule Mahenge mwanzoni mwa miaka ya 1960, alianza kwa kusikiliza na kutoa fenobabito, dawa iliyotumika dhidi ya kifafa tangu 1912. Alikuta watu wanaogopa kumgusa aliyeanguka, hata akiwa motoni, kwa kuamini povu linaambukiza. Imani hiyo bado inanifikia kliniki, imeandikwa kwa makovu ya moto mikononi mwa wagonjwa.

Halafu kuna suala la nguruwe. Watafiti wameeleza kwa miaka mingi kwamba tegu wa nguruwe ni tatizo Mbozi na Mbeya vijijini, na vifuko vyake vikikaa kwenye ubongo huleta kifafa. Mitaani lawama zote huangukia kitimoto. Nyama isiyoiva yenye vifuko humpa mlaji tegu wa tumboni. Vifuko vya ubongoni huja kwa njia nyingine: mtu humeza mayai ya tegu yaliyotoka na kinyesi cha binadamu, kupitia maji, mboga au mikono. Ndiyo maana hata ambaye hajawahi kumwonja nguruwe anaweza kuugua. Mashine yangu haivioni vifuko hivyo, vinaonekana kwa CT skani. Kinachovizuia ni choo, nguruwe kufungiwa bandani na nyama kukaguliwa. Tatizo ni kwamba choo hakina mahali pazuri pa kufungia utepe.

Ushauri wa mpimaji:

1. Kada yangu iingizwe kwenye mfumo. Wapimaji wafundishwe darasani, wasijifunze kwa kuchungulia begani mwa mwenzao kama nilivyofanya mimi.

2. Gundi, waya wa ardhi na stabilaiza vinunuliwe pamoja na mashine, vyote viwepo kabla mkasi haujafika.

3. Kabla ya kununua mashine ya pili, hakikisha vidonge vya kifafa havikatiki kwenye zahanati. Anayekatishwa dawa ghafla anaweza kuanguka mfululizo hadi akafariki, na mimi nitakuwa bado natafuta gundi.

4. Afisa mifugo na afisa afya wakae meza moja. Nguruwe na choo ni jirani, wao kwa nini wasiwe?

5. Fomu ya robo mwaka iongezwe safu ya walioacha kuanguka. Mwaka 2022 nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani zilijiwekea shabaha za kufikia 2031: asilimia 90 ya wenye kifafa wajue kwamba ugonjwa wao unatibika, asilimia 80 wapate dawa sahihi, salama na za bei nafuu, na asilimia 70 ya wanaotibiwa wadhibiti degedege zao. Tepe zilizokatwa hazimo kwenye hesabu hiyo.

Ukitaka kurudia kipimo, njoo asubuhi ukiwa umeosha nywele bila kupaka mafuta. Mpiga picha umwache ofisini.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mpima EEG
(cheo hakijaonekana kwenye mfumo)

Nakala: Mhusika mwingine, endapo yupo.
Faili, kwa mazoea.