Ombi la Kumwajiri Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Amidi wa Shule Kuu ya Muziki,

YAH: OMBI LA KUUNDA KUNDI MKAAZI LA WAGENI RASMI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Itifaki imezingatiwa, na kama yupo aliyesahaulika tutamrudia tena na tena kabla barua haijaisha, kama ulivyo utaratibu wa ukumbi wetu.

Nianze na pongezi. Bango la msimu mpya wa matamasha limeshatundikwa getini na limependeza. Juu kabisa ipo picha ya mgeni rasmi wa ufunguzi, suti ya buluu, tabasamu la kiasi. Inafuata picha ya mlezi wa tamasha. Zinafuata nembo za wafadhili. Kisha, chini kabisa, kwa herufi zinazomtaka msomaji ainame, imeandikwa kwamba kutakuwa na burudani mbalimbali. Mheshimiwa, mbalimbali ni sisi. Kwaya ya chuo ni mbalimbali. Bendi ya matarumbeta ni mbalimbali. Vijana wa ngoma, waliochubuka magoti kwa mazoezi ya sakafu ya saruji, ni mbalimbali. Nami napiga kanuni katika taarab ya chuo, kundi ambalo kwenye makaratasi yako linaitwa mkaazi, ingawa vyombo vyetu vinalala stoo, chini ya viti vya plastiki, na ufunguo anao bwana ambaye ikifika saa tisa na nusu alasiri huwa ameshapanda daladala.

Ya stoo tuyaache kwanza. Nimeandika kwa jambo moja.

Ratiba husema tamasha litaanza saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na mbili jioni ukumbi umejaa watu waliolipa kiingilio, na wanamuziki wako jukwaani na sare zao. Mgeni rasmi yuko njiani. Saa moja, yuko njiani. Saa moja na nusu mshereheshaji anapanda kututangazia, kwa furaha ya mtu aliyepokea barua ya uteuzi, kwamba sasa mgeni rasmi yuko njiani kweli.

Kanuni yangu ina nyuzi sabini na kitu, zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti. Nazikaza kwa ufunguo, mmoja baada ya mwingine, sikio limelala juu ya ubao. Daraja la nyuzi hizo limekaa juu ya ngozi, na ngozi haipendi kubadilishiwa hewa. Ukumbi wetu unacho kiyoyozi, lakini huwashwa msafara ukishaingia getini, maana umeme ni ghali na sisi si wageni. Kwa hiyo napatanisha nyuzi katika joto la pwani, jasho likinidondoka kwenye mbao, mpaka zote zinakubaliana. Gari la kwanza linapiga honi. Kiyoyozi kinanguruma. Hewa kavu ya baridi inanishukia kichwani, ngozi inakaza, na kila uzi unashika njia yake. Nikiinama nianze upya, mshereheshaji ananinong'oneza: "Ndugu wa gitaa, tulia, mgeni anaingia."

Anaingia. Tunasimama. Bendi inampokea kwa wimbo, na huo ndio wimbo pekee usiku mzima ambao haukatwi, kwa sababu kazi yake ni kumfikisha kitini. Inakuja dua. Unakuja utambulisho wa meza kuu. Inakuja risala. Linakuja neno la kumkaribisha atakayemkaribisha mgeni, kisha neno la huyo aliyekaribishwa kukaribisha. Ndipo hotuba. Na hotuba hiyo kila mwaka ni ileile: umuhimu wa kuenzi na kudumisha muziki wetu wa asili. Muziki unadumishwa kwa maneno mpaka muda wa kuupiga unakwisha. Hapo mshereheshaji anatufuata nyuma ya pazia na kauli tunayoijua kwa moyo: "Jamani, muda si rafiki. Pigeni beti mbili tu."

Beti mbili tu! Mtunzi wa taarab hana haraka. Anazunguka, anafumba, anasifu waridi, anavuka bahari, na kijembe anakihifadhi mpaka beti za mwisho. Ukikomea beti ya pili umebaki na waridi, na yule aliyekusudiwa anarudi nyumbani amefurahi kwamba ameimbiwa maua. Bashraf, ambayo desturi yake ni kuufungua usiku wa taarab kabla mwimbaji hajanyanyua mdomo, katika ukumbi wako haijawahi kufika mwisho wake. Wanafunzi wanaijua nusu ya kwanza vizuri sana.

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Upande mmoja wa santuri ya zama zile ulichukua kama dakika tatu, kwa hiyo nyimbo zilizozoea kujinyoosha zilibanwa ziingie humo. Siti alibanwa na mashine isiyojua Kiswahili. Sisi tunabanwa na chuo kikuu kinachofundisha muziki. Na hata hivyo ile mashine ilikuwa na adabu: haikumwambia asubiri kwanza, halafu ikamhutubia, halafu ikampa dakika zilizobaki.

Tena inasimuliwa kwamba Sultan Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni, arudi apige kasri. Yule alikuwa mwenye nchi. Aligharamia muziki kwa sababu alitaka kuusikia. Sijapata kusikia ikisimuliwa kwamba alisimama kueleza umuhimu wa kanuni mpaka mpigaji akasinzia juu ya nyuzi.

Kwa kuzingatia hayo, na baada ya kutafakari kwa kina, tumeridhika kwamba msanii mkuu wa msimu wetu ni mgeni rasmi, na kwamba kumwacha aendelee kufanya kazi hiyo bila mkataba ni kumdhulumu. Tunaomba Shule Kuu iunde Kundi Mkaazi la Wageni Rasmi, na liwe kundi la kwanza kwa hadhi.

Mifano ipo. Mwezi Mei 1940, Pro Arte Quartet, kundi la wapiga nyuzi kutoka Ubelgiji, lilikuwa Madison, Wisconsin, likipiga kwateti za Beethoven, Wajerumani walipoivamia nchi yao. Wakawa hawana pa kurudi. Chuo Kikuu cha Wisconsin kikawapa makazi, na kundi hilo, kwa vizazi vya wapigaji, lipo pale mpaka leo. Takács Quartet, lililoanzia Budapest mwaka 1975, limekaa Chuo Kikuu cha Colorado kule Boulder tangu miaka ya 1980. Vyuo hivyo viliwatazama wageni wao vikaona wanafaa kuajiriwa. Nasi tumtazame wetu. Akishakishika kipaza sauti, naye hana pa kurudi. Apewe makazi.

Kundi liwe na sauti nne. Sauti ya kwanza ni mgeni rasmi mwenyewe. Ya pili ni mwakilishi wa mgeni rasmi, mwenye kipaji cha kusoma hotuba ya mtu asiyekuwepo iliyoandikwa na mtu mwingine asiyekuwepo. Ya tatu ni mkaribishaji. Besi apewe mtoa neno la shukrani, ambaye kazi yake ni kuyarudia yote yaliyosemwa, polepole, kwa sauti ya chini.

Mazoezi yaanze mapema. Tunashauri wapatanishe vipaza sauti kwa ile "moja mbili, moja mbili", ambayo itahesabiwa kuwa bashraf yao na wataruhusiwa kuimaliza. Utungo wenyewe uwe na sehemu zake zinazojulikana. Ya kwanza ni "Nisiwachoshe", ambayo mwendo wake ni wa taratibu na ndiyo ndefu kuliko zote. Inafuata "Kama Alivyotangulia Kusema Mwenzangu", ambayo ni marudio. Kisha "Nina Machache", yenye vipengele kuanzia (a) hadi pale alfabeti itakapochoka. Kiitikio ni "Kwa Kumalizia", kinachorudi kila baada ya aya mbili na hakimalizi chochote. Taksim nayo isikose: ni pale msanii anapokunja karatasi, anavua miwani, na kusema, "Naomba sasa nitoke nje ya hotuba." Sisi wapiga vyombo tunajua taksim ndipo fundi anapopimwa, maana hana anayemshika mkono. Wa kwetu hapo ni bingwa. Huwa hatoki nje ya hotuba tu. Hutoka nje ya mada, nje ya mkoa, na wakati mwingine nje ya nchi, akatusimulia safari aliyolipiwa.

Wapewe ukumbi saa kumi na mbili kamili. Kiyoyozi kiwashwe tangu mchana ili makoo yasikauke. Kwa kuwa wasikilizaji wa taarab wana desturi ya kutuza, nao wafaidike na desturi hiyo: ambaye atakunwa na neno "mkakati" ainuke, ajishaue taratibu hadi mbele, amkabidhi mgeni rasmi noti. Atakayekunwa na "wadau" afuatie. Zikusanywe, zihesabiwe hadharani. Tutafurahi kujua mapato.

Na kundi linapokuwa limekolea, sehemu ya pili inakaribia kuisha, mshereheshaji apite nyuma ya pazia, ainamie sikio la mgeni rasmi na kumwambia: "Mheshimiwa, muda si rafiki. Toa aya mbili tu. Hiyo ya kudumisha utamaduni iruke, wenyewe wamesimama hapa wanataka kuupiga."

Wakati ombi hili likifanyiwa kazi, yapo madogo. Ufunguo wa stoo uwe na pacha. Majina ya wapigaji yaandikwe kwenye kijitabu cha tamasha, hata kama itabidi wasifu wa mgeni rasmi upungue ukurasa. Maji ya chupa ya meza kuu, yale yanayobaki yakiwa na vizibo vyake, wapewe wapiga matarumbeta badala ya kurudishwa ofisini. Bahasha ya nauli itolewe kabla ya daladala la mwisho. Na tusiitwe tena kupiga "kitu cha taratibu" meza kuu inapokula wali.

Kuna jingine. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, mpiga udi, aliwekewa onyesho lake la mtihani ndani ya tamasha, kwa kuwa ukumbi haukuwa na siku nyingine. Aliandaa taksim na nyimbo tatu. Mama yake alipanda basi kutoka Tanga. Zamu yake ilipofika akaambiwa beti mbili tu, na watahini wakatoa alama kwa walichosikia. Hapa sina kejeli. Mlikula muda wa mtoto wa watu, kisha mkamkata alama kwa kuwa hana muda. Aliyeula wala hakuwepo ukumbini: alishamaliza kutuhimiza tuuenzi muziki wetu, akaondoka, na nusu ya ukumbi ikamsindikiza hadi kwenye gari pamoja na kamera zote. Yule binti alipiga huku wahudumu wakivivalisha viti vitambaa vyake vya kesho, plastiki inagongana na plastiki, mkwaruzo juu ya kila nota. Ungekuwepo ungesikia. Ulikuwa nje, Mheshimiwa, unafunga mlango wa gari la mtu. Na matokeo yale yana sahihi yako.

Naomba radhi kwa kutoka nje ya barua. Nirudi kwenye itifaki.

Tunafahamu kwamba bajeti ni finyu, na kwamba kundi la sauti nne lenye dereva, mpambe na maji ya chupa linaweza kuzidi uwezo wa Shule Kuu. Endapo ombi letu kuu litakwama, tunalo dogo ambalo halihitaji kikao cha baraza wala senti moja. Saa kumi na mbili ikifika, tuachwe tupige. Bashraf yote. Beti zote. Mwenye mtihani amalize mtihani wake. Mgeni rasmi akifika atatukuta katikati ya wimbo, atafute kiti chake gizani kama mtu yeyote aliyechelewa, akae asikilize. Akikunwa atuze. Hotuba yake tutaipokea mwishoni kwa heshima zote, muda ukibaki.

Kwa kumalizia, nashukuru. Kwa kumalizia kabisa, nasubiri majibu yako, nikiamini yako njiani.

Wako mtiifu katika ujenzi wa sanaa,

Mpiga kanuni,
Kundi Mkaazi la Taarab (Mbalimbali)

Nakala:
Mshereheshaji, asome aya mbili tu.
Bwana wa stoo, kama hajaondoka.
Mgeni Rasmi, akifika.