Nzige Kaonewa

Hapa Miburani, kisiwani Mafia, ukitaka kumtukana mtu kwa adabu, unamwita nzige. Watoto wa ndugu wakija likizo kutoka Dar es Salaam, wakamaliza mihogo, mapapai, mpaka nazi iliyowekwa ya kesho, mke wangu huniuliza kwa sauti ya chini, "Hao nzige wako wanaondoka lini?" Mimi nasema huko ni kumwonea nzige.

Nzige wa jangwani ana gramu 2 hivi, na kwa siku hula kiasi hichohicho. Akishakula uzito wake, basi. Mpwa wangu sijapata kumwona akisema basi. Balaa la nzige ni wingi: kundi la milioni 40, linaloenea kilomita moja tu ya mraba, kwa siku hula chakula cha watu 35,000. Mwanzoni mwa 2020 walipokuwa wanaitafuna Kenya, na Januari 2021 walipoingia Mwanga, Kilimanjaro, wazee wetu walishinda barazani wakichungulia mawingu, utadhani nzige wameshakata tiketi ya boti pale Nyamisati.

Hapo ndipo jirani yangu mmoja, ambaye kwake kila neno gumu limetoka Uarabuni, alipotangaza kwamba nzige ni Kiarabu. Nikamwambia, "Shehe, Mwarabu humwita jaradi, na wenyewe wanalihusisha na kuchuna kitu kikabaki kitupu. Nzige ni neno letu, la Kibantu. Mganda husema enzige, Mnyarwanda inzige, Mkikuyu ngigĩ. Hao wote walisoma chuo gani Muscat?" Hakunijibu. Aliagiza kahawa na kashata, akala, akaondoka, nikalipa mimi.

Hata mtoto wa nzige tulimpa jina lake: tunutu, yule asiyeota mabawa bado. Jina zuri kuliko mengi wanayopewa watoto wetu siku hizi.

Walioniudhi kabisa ni Warumi. Kwa Kilatini, locusta alikuwa nzige, na kambakochi naye akaitwa locusta. Mfaransa akatoa humo langouste, Mwingereza akatoa lobster. Jina moja, bahati mbili! Kambakochi hupimwa kwa kilo, akapelekwa hotelini Utende, akakamuliwa ndimu na kupigwa picha. Nzige hufuatwa na ndege akamwagiwa sumu. Na dini imemhalalisha bila kuchinjwa, sawa na samaki, lakini jaribu kumletea mke wangu fungu la nzige jikoni uone utalala wapi.

Sisi tulipaswa kuwa wa kwanza kumhurumia, maana machungu ya jina tunayajua. Miburani ni kwenye mibura, hakuna anayeuliza zaidi. Lakini sema unatoka Mafia! Mgeni anacheka, anauliza bunduki umeficha wapi, kwa sababu ya majambazi wa Sicilia ambao hata dagaa wetu hawajapata kuwaonja.

Kwa hiyo naomba hili liishe. Nzige abaki na jina lake, alilirithi kwa haki. Anayemaliza chakula cha watu aitwe kwa jina alilopewa na wazazi wake, na siku ya tatu apewe jembe.